Alhamisi za Jirani

Kosa la kwanza ambalo mtaa wetu wa Dunda ulimhesabia jirani lilikuwa kula samaki. Sisi tulijua, au tulidhani tunajua, kwamba Baniani hali nyama wala samaki, anaishi kwa dengu na maziwa. Huyu alihamia nyumba iliyopakana na yetu, na asubuhi ya kwanza akaonekana soko la samaki, sari kaikaza kiunoni, anafunua mashavu ya changu kwa kidole atazame wekundu wake. Kwa Kiswahili cha kuokoteza akamwambia mchuuzi kwamba samaki yule alikufa juzi na barafu ndiyo inamfanya aonekane wa leo. Mchuuzi aliona haya, akampunguzia. Lakini kina mama wa mtaani jioni ile walikuwa na mazungumzo marefu: Baniani gani huyu?

Namwita jirani kwa sababu ndivyo nilivyomwita tangu nikiwa msichana mdogo, na ndivyo naye alivyomwita mama yangu, baba yangu, muuza maji na kila aliyepita mbele ya mlango wake. Mumewe alikuwa msimamizi wa mashamba ya chumvi kaskazini mwa mji, mtu mkimya ambaye alirudi mwisho wa wiki, mikono imechanika, akala, akalala, akaondoka. Nyumba ilikuwa ya jirani. Na ndani yake walikuwa yeye na binti yao Minati, mtoto wa kwanza na wa mwisho, rika langu, ambaye baada ya muda mfupi alizungumza Kiswahili cha Dunda kama aliyezaliwa hapo na kutukana kama wavulana wa stendi.

Kitu kilichomuudhi jirani kuliko vyote ni kuitwa Mgujarati. Kwetu Mhindi alikuwa Mhindi tu, hatukujua kwamba nao wana bara na pwani. Kwao ni Odisha, upande wa mashariki wa India, ufukweni, watu wa mchele na samaki kama sisi. Siku moja mumewe alimpeleka hekaluni Dar es Salaam ili apate wenzake wa kuzungumza nao. Akarudi amenuna. Akamwambia mama kwamba wale wanawake walimpokea vizuri, wakamlisha vizuri, na hawakuelewana neno hata moja. Wakati wao wameshamaliza sikukuu yao kubwa na wamezima taa, yeye ya kwake ilikuwa bado haijaanza. "Bora nyinyi," alimwambia mama. "Nyinyi sikutegemea mnielewe."

Alikuwa na ulimi huo. Ukienda kwake na mguu wenye vumbi alikutazama mguu kwanza, uso baadaye. Alikuwa na msemo wake kwamba nyumba chafu ina mlango lakini haina mgeni, na aliutumia kwa nyumba yake, kwa nyumba za watu, na mara moja kwa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akiwa amekaa hapo hapo. Lakini mama alipougua tumbo na kulazwa, ni yeye aliyetupikia sisi watoto mpaka mama aliporudi, na vyungu vyetu vilirudi viking'aa hata tukaona aibu. Achari yake ya embe ilikaa katika kila nyumba ya mtaa, na hakuna aliyeinunua. Kwa hiyo nisikilizwe vizuri nitakaposema kwamba mwanamke huyu alikuwa na siku yake ya kutotoa kitu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tena Alhamisi za mwezi mmoja tu, ule unaoangukia kati ya Novemba na Desemba. Kwao huo ni mwezi wa baridi, mpunga umevunwa, ghala zimejaa. Hapa Bagamoyo ni wakati wa jasho na mvua za vuli zinazokatika katika, na mpunga wa Ruvu umeshavunwa zamani. Jirani hakujali. Alinunua mpunga msimu wake ukifika, akaufungia kwenye gunia, akaulinda na panya mpaka mwezi wake ukaandama. Na alfajiri za mwezi huo alijifunika shuka mabegani, sisi tukiwa tumelala tumevua mpaka vitenge. Mama alimuuliza kama ana homa. Alijibu kwamba mwezi wa baridi ni mwezi wa baridi.

Kabla ya mwezi huo kulikuwa na siku chache za kuacha samaki. Hapo mchuuzi alimkosa sokoni akaja mpaka mlangoni kumuuliza amemkosea nini. Jirani akamwambia siku hizi kwao hata yangeyange, ndege yule mweupe mla samaki, anafunga. Mchuuzi alikwenda kuwasimulia wenzake, na mpaka leo wapo wavuvi wanaomwona yangeyange amesimama majini, hali wala haondoki, wakasema huyo ni wa kwa jirani.

Alhamisi zenyewe aliamka kabla ya adhana. Alifagia nyumba, akaosha sakafu, akasaga mchele uliolowekwa mpaka ukawa uji mweupe, na kwa uji huo akachora sakafuni kwa vidole. Alichora mashuke ya mpunga, alichora maua, na kuanzia kizingitini mpaka chumba cha ndani alichora nyayo ndogo za mwanamke zinazoingia. Alituambia huyo ni Lakshmi, mungu wao wa neema, ambaye Alhamisi hizo hupita mlango kwa mlango akitafuta nyumba safi ya kukaa. Chumba cha ndani kulikuwa na kiti kidogo, na juu yake kipimo kilichojazwa mpunga mpaka ukafurika.

Kipimo hicho kilikuwa pishi yetu. Mwaka wa kwanza alikuja kumuuliza mama kama ana kitu cha kupimia nafaka, maana cha kwao kilibaki kwao. Mama akampa pishi ya mti ambayo sisi tuliitumia mwisho wa Ramadhani kupimia zakatul-fitri. Nikadhani baba atapandisha hasira. Baba alikuwa mtu wa msikiti, safu ya mbele, na mambo ya sanamu hakuyataka hata kwenye picha ya ukutani. Akawaza kidogo, akasema pishi ni mti uliochongwa, mambo ya ibada ni ya aliyeishika. Basi ikawa ya jirani, na Ramadhani ikifika tulikwenda kuiazima. Kwetu pishi ilipima mchele unaotakiwa utoke nyumbani kabla ya swala ya Idi, na ukichelewa haukubaliwi. Kwake ilipima mpunga usiotakiwa utoke.

Na chakula hakikutoka pia. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Alhamisi ya kwanza, harufu ilivuka ukuta: mchele wa maziwa, na vile vikate vyake vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa mvuke, ndani nazi iliyokaangwa na sukari guru. Mama hakutaka kuonekana mroho, akatangulia yeye kupeleka, sahani ya mkate wa kumimina uliokatwa vizuri. Sahani ikarudi imeoshwa, tupu. Wenye pwani wananielewa. Kwetu sahani hairudi tupu, hata ukiwa huna utaweka ndimu mbili au kiganja cha chumvi. Mama aliishika ile sahani akaigeuza juu chini. Akasema, "Sasa hili ni tusi au ni nini?"

Kesho yake, Ijumaa, jirani alileta sinia zima na kujieleza. Chakula cha Alhamisi hizo huliwa na watu wa nyumba peke yao. Kikitoka, neema inatoka nacho, Lakshmi anakifuata. Hapewi jirani, hapewi mgeni, na hata binti wa kuzaa mwenyewe akishaolewa hapewi, kwa sababu ameshakuwa wa nyumba nyingine. Mama alisikiliza, akacheka, akasema kumbe bahili si wewe, bahili mungu wako. Jirani hakucheka. Akasema naye hajawahi kulipenda sharti hilo. Alipoolewa, Alhamisi moja alikwenda kuwatembelea wazazi wake, akakaa ukumbini akisikia wadogo zake wanakula ndani.

Nilikuwepo alipoyasema hayo, na Minati alikuwepo, tunakula vikate vya jana vilivyopoa. Hakuna aliyemtazama Minati.

Nyayo zile nazo zilimletea makubwa. Michoro myeupe kizingitini kabla jua halijatoka, katika mji wetu, haihitaji mfasiri. Wapo waliovuka upande wa pili wa njia. Mwaka ambao mtoto wa nyumba ya pili alikufa kwa degedege, Alhamisi iliyofuata jirani aliamka akakuta kizingiti chake kimemwagiwa oili chafu ya gari, nyayo zote zimezama. Baba alitoka akasimama katikati ya njia, akasema kwa sauti kwamba aliyefanya vile amjie yeye. Hakuja mtu. Jirani alipiga magoti, akasugua kwa majivu na sabuni mpaka adhuhuri, kisha akasaga mchele mwingine akachora upya. Minati alimsihi aache mwaka ule tu. Akamjibu kwamba Lakshmi hawezi kuambiwa arudi mwakani.

Siku pekee ya mwezi ule ambayo mtaa mzima uliipenda ilikuwa siku ya mtoto wa kwanza. Kila mzaliwa wa kwanza huvishwa nguo mpya, huzungushiwa taa usoni, mama akimwombea umri, na vikate siku hiyo hufungwa katika majani ya mmea wa bizari ya manjano, ambao jirani aliupanda nyuma ya choo chetu kwa sababu udongo wetu ulikuwa bora. Nguo hizo sharti zitoke kwa mjomba. Wajomba wa Minati walikuwa ng'ambo ya bahari na hawakuandika. Basi baba yangu, safu ya mbele msikitini, kila mwaka alipita dukani akamnunulia Minati kitambaa cha gauni, akamkabidhi uani bila kuingia kwenye taa zao, akasema yeye ni mjomba wa kuazima, asizoee. Jirani alimzungushia Minati taa, midomo ikienda, na katika miaka yote niliyomjua ni hapo tu nilipomwona usoni ana woga. Alikuwa na mtoto mmoja. Hakuficha kwamba anamwombea kwa nguvu za watoto wote ambao hakuwapata.

Minati aliolewa na kijana wa Kerege, Mwislamu, fundi wa kuchomelea mageti. Alisilimu, akaitwa Amina, na baba yangu ndiye aliyesimama upande wa bi harusi maana wa kwake alisema ana kazi chumvini. Jirani hakupiga kelele. Alikuja harusini amevaa sari ya hariri, akakaa na mama yangu, akala pilau ya mboga aliyopikiwa peke yake. Watu walisema ana moyo mkubwa, na ni kweli alikuwa nao. Jumapili nyingi Minati alikuja, akasukwa nywele, akafungiwa achari, akalala kitanda chake cha zamani. Mwezi wa baridi ulipofika, hakuja Alhamisi. Alijua.

Niwahadithie sasa lile ambalo linanifanya niandike. Ilikuwa mwaka ambao mumewe jirani alianza kuugua moyo. Alirudishwa kutoka chumvini miguu imevimba, akalazwa chumba cha ndani, karibu na ile pishi. Jirani mwaka ule alisafisha nyumba kama mtu anayegombana nayo. Alhamisi, jua likiwa limepanda, nilikuwa uani kwetu naanika nguo, na ukuta wetu ni mfupi, mtu akikaa kwenye kizingiti chao unamwona. Bodaboda ikasimama. Akashuka Minati na kifurushi, uso umemvimba upande mmoja. Yule wa Kerege alikuwa amempiga na kumtoa. Nilimwona akifika mlangoni, akainua gauni asiguse zile nyayo nyeupe, akakaa pembeni yake.

Mama yake alimletea maji. Akamfuta uso na upindo wa sari. Minati akasema ana njaa, hajala tangu jana mchana. Harufu ya vikate ilikuwa imejaa uani mpaka kwetu. Jirani alisimama mlangoni, akatazama ndani alikolala mumewe, akamtazama binti yake. Kisha akasema, polepole, kama anayemwomba:

"Leo wewe ni wa nyumba nyingine, mwanangu. Nenda hapo kwa jirani ule. Kesho nitakupikia mimi, upendacho chote."

Minati akasema, "Mama, sina nyumba nyingine."

Jirani aliniita kwa jina, akaniambia nimwambie mama apakue. Nilikimbia. Mama alipakua wali na mchuzi, na tulipotoka na sahani, kizingitini hapakuwa na mtu. Jirani alikuwa amesimama barabarani peku, anatazama upande wa stendi. Nilimchukia siku ile, na sikuwahi kulificha. Mama alimwekea ile sahani miguuni, akarudi ndani.

Simu ya Minati haikupatikana tena. Yule wa Kerege alisema hajui aliko. Mumewe jirani alikufa kabla ya masika, licha ya neema yote iliyozuiliwa isitoke. Mabaniani wa Dar walimsitiri, wakamchoma kwa taratibu zao, majivu yakatiwa baharini. Dereva mmoja ndiye aliyeleta habari kwamba Minati yupo Msata, anapika chakula pale njia panda, magari makubwa yanaposimama. Tulimwambia jirani. Akasema mtoto ndiye humwendea mama. Mama yangu akamuuliza kama hilo nalo ni mungu aliyelisema au ni kichwa chake mwenyewe, na wakakaa karibu mwaka mzima wanasalimiana tu.

Aliendelea na Alhamisi zake akiwa mjane, ingawa alikiri kwamba kwao kazi ile ni ya wake wenye waume. Alisema hapa hapana mwingine wa kuifanya. Sukari ikampata. Ikaanza na macho, ikaja vidole vya mguu, vikakatwa hospitalini. Baba yangu akafariki, mama akahamia kwa dada yangu, nami nikabaki na nyumba. Kila jioni nilipita kumtazama. Tulikuwa hatuzungumzi mengi, tulikuwa watu wawili tuliobaki pande mbili za ukuta.

Mwaka jana, katika mwezi wake, aliniita asubuhi. Nyumba imeoshwa, sijui aliioshaje na mguu ule. Nyayo zilikuwa zimepinda pinda, nyingine zimepanda juu ya nyingine, kwa sababu alichora haoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanisukumia hotpoti, ya moto bado.

"Mpelekee Minati," akasema. "Leo hii, isiwe kesho."

Nikamkumbusha ni Alhamisi.

"Najua siku. Mume kaondoka, macho yameondoka, miguu inaondoka. Na huyo Lakshmi akitaka kuondoka, aondoke. Mpelekee."

Nilipanda basi la Msata hotpoti ikiwa mapajani. Minati nilimkuta kwenye banda lake, katikati ya kelele za wauza machungwa wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Amekomaa, mikono ya mtu wa jikoni, kichwani mtandio. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Alinipakulia chai. Nilipomwekea hotpoti mezani aliifungua, na ile harufu ya nazi na sukari guru ikapanda. Akakaa nayo hivyo, uso umeinama juu ya mvuke. Kisha akafunika, akaufuta mfuniko kwa kanga yake, akanirudishia.

"Chakula cha Alhamisi hakitoki nyumbani kwake," akasema.

Nikamwambia amekitoa mwenyewe, kwa mikono yake, haoni, mguuni hana vidole.

"Angekitoa siku ile."

Alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia siku ile alikuwa na mimba, ya kwanza. Alifika kwa mama yake amwambie. Alipoondoka pale alipanda gari la kwanza lililosimama, likamleta mpaka hapa, na ilipoingia jioni mimba ikatoka, kwenye zahanati ya karibu na pale tulipokuwa tumekaa. Baada ya hapo hakupata nyingine.

"Usimwambie," akasema. "Akijua atamlilia kila mwaka siku ya wazaliwa wa kwanza, atamwombea na kumnunulia nguo. Sitaki amlilie. Wa kwangu huyo."

Nilirudi jua limeegemea. Jirani alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha. Nilimpa hotpoti mkononi, na kwa uzito wake akajua. Sikuwa na la kumficha katika hilo, nikamweleza neno alilosema bintiye kuhusu chakula cha Alhamisi. Akatikisa kichwa taratibu.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema.

Akafungua, akapapasa, akatoa kikate kimoja akakiuma. Nikamwambia daktari amekataza, kuna sukari guru humo. Akasema chakula hiki hakitupwi, na kimekataa kutoka, na mtu wa nyumba hii ni yeye peke yake. Hakunikaribisha, nami sikutazamia kukaribishwa. Nilikaa mbele yake. Alikula akimeza kwa shida, machozi yakimshuka bila sauti, na kila alipomaliza kimoja aliuliza jambo. Kama Minati amenenepa. Kama nywele bado ndefu. Kama ana mtoto. Nikasema hana. Akasema bado kijana, atapata.

Kisha akauliza kama siku ile alipoondoka hapa alipata chakula huko alikofika.

Nikasema alipata.

Akachukua kingine.